Karakana ya Dansi: Ukumbi Unapofungwa na Kumbukumbu za Mwanamuziki

Muziki wa dansi wa Dar es Salaam haukuzaliwa studio. Ulizaliwa na kulelewa ukumbini, mbele ya watu waliolipa kiingilio mlangoni, wakaagiza vinywaji, wakacheza waliporidhika na wakabaki vitini pale wimbo ulipokuwa haujawaingia. Na ni hukumu ya watu hao, iliyotolewa kwa miguu wiki baada ya wiki, iliyowafundisha wanamuziki kipi kiongezwe, kipi kipunguzwe na kipi kiachwe kabisa. Kwa sababu hiyo ukumbi wa dansi unapofungwa, spika zikashushwa jukwaani na kiwanja kikakabidhiwa kwa mnunuzi mwenye mipango mingine, hasara yake haipimwi kwa idadi ya viti wala kwa majonzi ya wateja wa zamani peke yake. Kinachofungwa ni karakana, na ufundi uliofanyiwa kazi humo haujapata mahali pengine pa kufanyiwa.

Dansi, kama inavyoeleweka Tanzania, ni muziki wa mjini unaopigwa na bendi yenye magita kadhaa, besi, dramu, tumba na mara nyingi ala za kupuliza kama saksafoni na tarumbeta, ukaimbwa kwa Kiswahili na kuchezwa ukumbini. Asili yake ina pande nyingi. Upo upande wa beni, yaani ngoma ya mashindano iliyoiga bendi na gwaride la kijeshi, ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Upo upande wa vilabu vya miji ya pwani, ambamo vijana wenye kazi za ukarani walijifunza foksitroti na walsi. Na upo upande wa santuri za Kuba, zilizotolewa upya kwa ajili ya soko la Afrika kuanzia miaka ya 1930 katika mfululizo uliojulikana kwa herufi GV, ambazo ziliifanya rumba iwe lugha ya pamoja ya miji kuanzia Leopoldville hadi Mombasa. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932 na Morogoro Jazz mwaka 1944, na kufikia uhuru karibu kila mji wenye stesheni ya reli ulikuwa na bendi yake, na mji wa Morogoro ulikuwa na mbili zilizogawana mashabiki, kwa kuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah ilikuwa hapo hapo ikishindana na Morogoro Jazz.

Kumbi za kwanza zilikuwa za jumuiya zaidi kuliko za biashara. Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, unaobeba jina la mfanyabiashara Mgiriki, ulitumika kwa dansi na kwa siasa kwa pamoja, na ndimo Julius Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA mwezi Aprili 1953, mwaka mmoja kabla ya chama hicho kugeuka TANU. Inafaa jambo hilo likumbukwe na wale wanaoudhania ukumbi wa dansi kuwa mahali pa anasa tu, kwa kuwa watu wa mjini, waliotoka makabila mbalimbali na kuishi katika vyumba vya kupanga, hawakuwa na nafasi nyingine nyingi za kukutana wakiwa wengi, wakiwa wamevaa vizuri, na wakiwa hawasimamiwi na mwajiri.

Sura ya biashara na ya ajira ilikuja baadaye. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, na mfano huo ukafuatwa na jeshi, polisi, magereza, viwanda na mashirika ya umma, hata mwanamuziki akawa mtu mwenye mshahara wa mwezi na mwenye mahali pa kudumu pa kupigia. Orchestra Maquis, iliyotoka Kongo na kuweka makazi Dar es Salaam mwaka 1972, ilijulikana kwa ukumbi wa White House, Ubungo. Orchestra Safari Sound ilikuwa na Safari Resort, Kimara. Vijana Jazz ilikuwa na ukumbi wake Kinondoni. Bendi iliyoundwa mwaka 1978, ambayo mwaka 1983 ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, ilikwenda mbali zaidi: ilijiita Mlimani Park, jina la baa ilimopigia, na imebaki na jina hilo hata baada ya kuhamia kwingine. Bendi inayobeba jina la ukumbi wake inakiri wazi mahali ilikotengenezewa.

Kila bendi ilikuwa pia na mtindo wake, yaani jina la mwendo wa muziki na la uchezaji ulioendana nao, ambalo mashabiki walilishika kama wanavyoshika jina la timu ya mpira. NUTA na warithi wake, JUWATA na OTTU, walikuwa Msondo. Mlimani Park walikuwa Sikinde. Western Jazz walikuwa Saboso. Vijana walikuwa Pambamoto. Maquis walikuwa Kamanyola. Msondo na Sikinde ni majina yaliyochukuliwa kutoka kwenye ngoma za Wazaramo na jirani zao, na uchaguzi huo ulikuwa wa makusudi, kwa kuwa ulimwambia mchezaji kwamba chini ya magita ya umeme lipo pigo analolijua tangu kwao.

Ufundi wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, na pa kuanzia ni magita. Katika bendi iliyokamilika magita huwa matatu au manne kabla ya kuhesabu besi. Gita la solo hupanda juu ya shingo ya ala na kusema maneno marefu. Gita la pili la solo hulijibu kwa kishazi kifupi kinachorudiwa, kikiwa juu kidogo au chini kidogo yake. Na gita la rithimu huvunja kodi, yaani noti kadhaa ambazo kwa kawaida zingepigwa kwa pamoja, likazitawanya moja moja ndani ya mapigo ili wenzake wapate pa kukanyagia. Msikilizaji wa kawaida hulishangilia solo. Wanamuziki wenyewe humsikiliza mpiga rithimu, kwa sababu akiteleza yeye jengo lote huyumba, ilhali solo likinyamaza kwa dakika nzima dansi huendelea.

Mkono wa kulia wa mpiga rithimu hautulii. Kidole gumba hushuka kwenye nyuzi nene kwa uzito ulio sawa, vidole vinavyofuata hunyofoa nyuzi nyembamba katikati ya mapigo, na ubavu wa kiganja huzigusa nyuzi karibu na daraja la gita ili sauti ikatike kabla haijaziba nafasi ya mwenzake. Mkono wa kushoto nao hulegea mara tu baada ya noti kutoka, bila kuachia nyuzi kabisa, kiasi kwamba kila noti ni fupi, kavu na yenye mwisho unaosikika. Kazi hii hurudiwa bila kubadilika kwa robo saa na zaidi, usiku kucha, mara kadhaa kwa wiki, na ugumu wake uko katika kutobadilika huko, kwa sababu mkono unaochoka huanza kukimbia, na mkono uliozoea sana huanza kusinzia, na vyote viwili mchezaji huvisikia magotini kabla ya kuvisikia masikioni. Anayetaka kuisikia rithimu ya aina hii ikiwa imesimama peke yake karibu uchi, na asikilize "Sina Makosa" ya Les Wanyika ya mwaka 1979, ambamo gita la Omar Shabani, aliyeitwa Profesa na wenzake kwa haki kabisa, linatembea sambamba na besi ya Tom Malanga tangu mwanzo hadi mwisho bila kujionyesha hata mara moja. Les Wanyika walikuwa Watanzania na Wakenya waliofanya kazi Nairobi, na nao ni matunda ya ukumbi, kwani walijitenga na bendi ya Simba Wanyika, wakakaa miezi wakifanya mazoezi, kisha wakajitambulisha kwa umma katika ukumbi wa Garden Square.

Ufundi huo hauwezi kujifunzwa chumbani peke yake, na sababu yake ni ya kimaumbile. Kumbi nyingi za Dar es Salaam hazikuwa majengo yaliyofungwa; zilikuwa nyua zenye jukwaa lililoezekwa upande mmoja, sakafu ya saruji katikati, na meza zilizozungushwa chini ya miti au mabanda. Katika uwazi wa namna hiyo sauti ya besi hupotea hewani, sauti kali za gita husafiri hadi mtaa wa pili, na mwimbaji hujisikia kwa shida. Bendi iliyokaa pale miaka mingi hujifunza kuishi na hali hiyo: mpiga besi husogea karibu na dramu mpaka waweze kutazamana, mpiga rithimu hutafuta ile hatua moja ya jukwaa ambapo husikia pande zote mbili, ala za kupuliza huelekezwa mahali penye ukuta wa kurudisha sauti, na vitufe vya amplifaya huwekwa katika namba ambazo hakuna aliyeziandika lakini kila mmoja anazijua. Bendi hiyo hiyo ikihamia ukumbi mwingine hupiga vibaya kwa wiki kadhaa, hata kama wanamuziki ni wale wale na nyimbo ni zile zile.

Jambo la pili ambalo ukumbi hufundisha, na pengine ndilo kubwa kuliko yote, ni chemko. Wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980 huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole, ambamo mwimbaji husimulia kisa chake kwa beti zilizotungwa kwa uangalifu, na watu husikiliza kweli kweli, wakifuatilia nani alimwacha nani, nani alidanganywa na mjomba, nani amerudi kutoka mjini akiwa mikono mitupu. Ya pili ndiyo chemko: mwendo huongezeka, hadithi hukoma, waimbaji hubaki na kiitikio kifupi wanachokirudia kwa pamoja, magita hushikana, na sakafu hujaa.

Mpito kutoka sehemu ya kwanza kwenda ya pili hauna saa maalumu. Kiongozi wa bendi huutazama uwanja. Akiona wachezaji wangali wameshikana na wanaelea, humwacha mwimbaji arudie ubeti. Akiona mabega yameanza kuchezacheza na watu wa mezani wamesogeza viti nyuma, humwangalia mpiga dramu. Ishara huwa ndogo sana, labda nyusi zilizoinuka au shingo ya gita iliyoshushwa. Mpiga dramu huhama kutoka kwenye ngoma ndogo kwenda kwenye sahani za shaba, mpiga tumba hufungua viganja, solo huachia kishazi kimoja kinachowaambia wote kwamba sasa ni sasa, na tarumbeta na saksafoni huingia na mstari mfupi unaokatwa na kurudiwa. Yote hayo hutokea ndani ya pigo moja au mawili. Wimbo ambao kwenye kanda ya redio umedumu dakika saba huweza kudumu mara mbili ya hapo ukumbini, na urefu huo si uzembe, kwani ndani yake bendi hupata nafasi ya kugundua kishazi kipya ambacho wiki ijayo kitakuwa sehemu ya wimbo.

Utaratibu wa utunzi ulikwenda sawia na hali hii. Mtunzi alileta maneno na sauti. Mazoezi yalifanywa mchana, mara nyingi katika ukumbi ule ule ulio mtupu, ambapo kila mpigaji alijitafutia sehemu yake huku mpangaji wa muziki akikubali na kukataa. Mlimani Park ilibahatika kuwa na Michael Enoch katika kazi hiyo, mtu aliyeanza na magita ya Dar es Salaam Jazz na kuishia kwenye saksafoni, na ambaye masikio yake yamo ndani ya nyimbo nyingi zinazoimbwa hadi leo kwa majina ya wengine. Baada ya mazoezi wimbo uliingizwa usiku, ukajaribiwa, ukarekebishwa, na ulipokwisha kukomaa ndipo bendi ilipoupeleka Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodiwa. Kanda ya RTD ilikuwa kituo cha mwisho cha safari ya wimbo. Leo mambo yamegeuka: wimbo huanzia kwenye kompyuta, husambazwa kwanza, na jukwaani huja baadaye, mara nyingi ukisindikizwa na sauti zilizokwisha kurekodiwa. Njia hiyo imetoa kazi nzuri na kuwapa vijana wengi riziki, lakini haiwezi kuzaa chemko, kwa sababu hakuna aliyekuwapo kuuchemsha wimbo kabla haujapoa kwenye faili.

Kumbukumbu za mwanamuziki kuhusu ukumbi hutofautiana sana na za mteja. Mteja hukumbuka alikuwa na nani, alivaa nini na wimbo gani ulipigwa. Mwanamuziki hukumbuka mgongo wa mpiga dramu. Hukumbuka ubao wa jukwaa uliokuwa ukidunda na kuifanya stendi ya maikrofoni isogee yenyewe, soketi ya umeme iliyompiga shoti kila mvua ziliponyesha, na mtu wa mlangoni ambaye, kabla ya bendi kuanza, alikuwa akiwaonyesha kwa vidole watu wangapi wamekwisha kuingia, ishara iliyoamua kama mwisho wa mwezi ungekuwa mwepesi au mzito. Hukumbuka wachezaji wa kwanza, kwa sababu katika kila ukumbi palikuwa na mume na mke au marafiki wawili waliopenda kucheza sakafu ikingali tupu, na ambao bendi iliwapigia wao peke yao kwa dakika kumi za mwanzo kwa heshima kubwa kuliko iliyowapa mamia waliokuja baadaye. Hukumbuka pia noti za fedha zilizobandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji na watu waliokuja kumtuza, na namna ambavyo mpiga rithimu, aliyesimama nyuma, hakutuzwa na hakulalamika.

Saa ya kwanza ya usiku, kabla watu hawajajaa, ilikuwa pia saa ya shule. Kijana aliyekuwa akibeba masanduku ya ngoma na kuzungusha nyaya aliruhusiwa kukaa kwenye tumba kwa nyimbo mbili au tatu, akikosea mbele ya viti vitupu na kusahihishwa kwa jicho. Baada ya miezi alisogezwa kwenye gita la pili usiku ambao mpigaji wake aliumwa. Hapakuwa na cheti wala mtihani, lakini daraja zilikuwapo na kila mtu alizijua. Kwa njia hii wapigaji walipita kutoka bendi hadi bendi wakibeba walichojifunza, na maisha ya Muhiddin Maalim Gurumo yanaonyesha urefu wa njia hiyo: alikuwamo NUTA Jazz tangu kuanzishwa kwake, akawa miongoni mwa waasisi wa Mlimani Park, akahamia Safari Sound, akarudi Msondo, akastaafu mwaka 2013 na kufariki Aprili 2014, akiwa ameimba katika kumbi za jiji hilo kwa karibu nusu karne. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu nchini Kongo na kufika Dar es Salaam mwaka 1978, alifika hadi majukwaa ya Ulaya na Super Matimila, lakini jiji lilimkumbuka kwa njia yake, kwani kituo cha daladala cha Sinza kinaitwa Kwa Remmy hadi leo. Kumbi zenyewe hazikupewa hata vibao.

Kwa nini kumbi zinafungwa? Wapo wanaowalaumu vijana kwamba hawana tena masikio ya dansi, na lawama hiyo si ya haki. Hesabu ndiyo iliyozifunga. Bendi kamili ina watu kumi na tano au ishirini wanaotakiwa kula, kuvaa na kurudi nyumbani usiku; kwa mapatano ya kawaida wao huchukua fedha za mlangoni, na mwenye baa huchukua za vinywaji. Mwenye baa alipogundua kwamba runinga kubwa yenye mechi za Uingereza huwaleta wanywaji wale wale bila kumlisha mtu yeyote, na kwamba kijana mmoja mwenye kompyuta anaweza kushika usiku mzima, bendi ikawa gharama. Hapo tayari mashirika ya umma yaliyokuwa yakilipa mishahara yalikuwa yamebinafsishwa au kuishiwa, redio na televisheni binafsi zilizoanza mwaka 1994 zilikuwa zimefungua mlango kwa muziki mwingine, na ardhi ya Kinondoni, Sinza na Ubungo ilikuwa imepanda thamani kiasi kwamba ua wenye mwembe na jukwaa ulionekana kuwa kiwanja kilicholala. Majirani nao, ambao walihamia wakiukuta ukumbi, walianza kuudai usingizi, na dai lao lina haki yake. Hakuna hata mmoja katika mlolongo huu aliyekusudia kuua ufundi.

Lipo jambo moja zaidi, ambalo wanamuziki wa zamani hulisema kwa uchungu na wana sababu. Ala hazikuwa zao. Gita, amplifaya, dramu na hata tarumbeta vilikuwa mali ya mwajiri au ya mfadhili, na bendi ilipovunjwa mtu aliyepiga ala ile kwa miaka mingi alitoka mlangoni mikono mitupu, akiwa fundi asiye na chombo. Ukumbi ulikuwa mahali pekee ambapo mtu wa namna hiyo angeweza kusimama tena na ala mikononi. Ulipofungwa, baadhi yao waliacha kupiga kabisa, si kwa kuchoka bali kwa kukosa kitu cha kupigia.

Inafaa hali hii ilinganishwe na ya Unguja. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, kimeishi zaidi ya miaka mia moja, kimepita katika usultani, ukoloni, mapinduzi na soko huria, na bado kinapiga. Sababu moja, na huenda ndiyo kubwa, ni kwamba taarabu ya aina ile imejengwa juu ya klabu yenye wanachama, ambamo watu hukutana kwa mazoezi, huchangia, hugombana na kupatana, na ambayo uhai wake hautegemei mauzo ya bia ya Jumamosi. Vilevile mwaka 2002 kilianzishwa Mji Mkongwe Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambacho kimewaketisha wazee wa udi, fidla na ganuni pamoja na watoto wa shule, na japo kimepita katika vipindi vigumu sana vya fedha, tayari kimetoa kizazi cha wapigaji ambao bila chuo hicho wasingekuwapo. Dansi ya bara haikupata klabu wala chuo cha namna hiyo. Ilipewa mwajiri na ilipewa baa, na vyote viwili vilipoondoka haikuwa na pa kuegemea.

Wapo wanaojiliwaza kwamba kanda zipo. Ni kweli zipo, na hazina iliyorithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania kutoka RTD ni miongoni mwa hazina kubwa za muziki katika Afrika Mashariki, na kila juhudi ya kuziokoa na kuziingiza katika mfumo wa dijiti inastahili kuungwa mkono bila masharti. Ni kweli pia kwamba rumba ya Kongo iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, na heshima hiyo inawagusa ndugu zake wote wa Dar es Salaam na Nairobi. Lakini kanda za RTD zilirekodiwa na vipaza sauti vichache, sauti zote zikichanganywa papo hapo, na mara nyingi gita la rithimu limezama chini ya solo na waimbaji. Kijana anayejifunza kutoka kwenye kanda hizo hulipata solo, hulipata hata besi, lakini mkono wa kulia wa mtu aliyesimama nyuma haumfikii. Orodha nayo haimwonyeshi mtu lini mabega ya wachezaji yameanza kuchezacheza.

Yako mambo matatu yanayowezekana, na hakuna hata moja linalohitaji ukumbi mkubwa wala fedha za kutisha. Bendi za zamani ambazo bado zinapiga zirekodiwe zikiwa ukumbini na wachezaji wao, kila ala kwa maikrofoni yake, nyimbo zikiachwa zifike mwisho wake wa kweli badala ya kukatwa kwa kipimo cha redio. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo tangu ilipoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 imefundisha ngoma, maigizo na ala kwa uhodari mkubwa, iwaite wapiga rithimu na wapiga tumba wa dansi wakae na wanafunzi kwa muhula mzima, wakilipwa kama walimu na si kama wageni wa heshima. Na wenye hoteli na baa ambao bado wana jukwaa waipe bendi moja usiku mmoja ule ule wa kila wiki, kwa mwaka mzima, mahali pale pale, kwa sababu maonyesho ya hapa na pale hayajengi chemko. Wapigaji wa rithimu waliojifunza kazi katika kumbi za miaka ya 1970 sasa ni wazee, baadhi yao bado wanaishi Dar es Salaam, na wengi wao wangekuja wakiitwa. Waitwe mwaka huu.